Banda kwanza, mbuzi baadaye: kufuga mbuzi wachache kwenye kiwanja cha Dar

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, huku Chanika, nilinunua mbuzi wanne kabla sijawa na banda. Niliwalaza kwenye kibanda kilichoachwa na kuku: sakafu ya udongo, bati juu, mlango wa kufunga kwa kamba. Ilikuwa Februari, jua la kupasua kichwa, chini pakavu kama unga, nikajiona nimefanya la maana. Masika yakaanza. Sakafu ikageuka tope la mkojo na mavi, na kufikia katikati ya Mei nilikuwa nimebakiwa na mmoja, naye anachechemea. Chakula sikuwanyima hata siku moja. Walikufa wameshiba.

Mbuzi ni mnyama wa nchi kavu. Wengi wanaouzwa hapa mjini wanashushwa kutoka Dodoma na Singida, ambako mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka. Hapa wanakuta masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati yake unyevu wa bahari ambao hautupi nafasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haya ninayoandika inahusu kumweka mbuzi mkavu. Nazungumza na mwenye kiwanja cha kawaida pembezoni mwa jiji, iwe Msongola, Kibamba, Mabwepande au Kigamboni ya ndani, anayetaka majike watano na beberu mmoja. Mwenye ekari hamsini Chalinze ana mambo yake.

Hatua ya 1: Uliza kwanza

Kabla ya msumari wa kwanza, pita ofisi ya serikali ya mtaa, kisha mtafute afisa mifugo wa kata. Manispaa zina sheria ndogo kuhusu mifugo ya mjini, na mbuzi anayezurura barabarani anaweza kukamatwa ukaishia kulipa faini kumkomboa. Uliza unaruhusiwa wangapi kwenye eneo lako, na usiondoke bila namba ya simu ya huyo afisa. Siku mbuzi atakapoanza kutoa povu saa mbili usiku hutakuwa na muda wa kuulizia watu.

Halafu jirani. Mimi nilimwendea mzee wa nyumba ya nyuma.

"Shikamoo mzee. Nataka kuweka mbuzi watano sita pale kwenye kona."

"Marahaba mwanangu. Mbuzi sina neno nao. Beberu tu, muweke mbali na dirisha langu."

Alikuwa anajua anachosema. Beberu aliyekomaa hujikojolea ndevu na miguu ya mbele kusudi, na harufu yake inavuka ukuta. Ramani yote ya banda langu ilianzia kwenye dirisha la mzee yule.

Hatua ya 2: Jenga banda

Mahali. Tafuta sehemu iliyoinuka, angalau mita 10 kutoka nyumbani na mbali zaidi na kisima. Viwanja vingi vya Dar ni mchanga na maji huzama upesi, lakini kuna vipande vya mfinyanzi vinavyoshika maji wiki nzima. Mwaga ndoo mbili za maji hapo unapopataka, kanywe chai, urudi. Ukikuta bado pana dimbwi, sogea.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ndani mchana kutwa. Ukuta wa kusini uzibe mpaka juu kwa mbao au mabanzi, maana mvua ya masika inakuja na upepo wa kusi na hulowesha upande huo kwanza. Kuta nyingine ziba hadi usawa wa mgongo wa mbuzi, juu weka wavu, kaskazi ipite. Watu wengi wakiogopa baridi huziba banda lote, na hapo ndipo mapafu yanapoharibika. Mbuzi anastahimili upepo kuliko hewa iliyooza. Kipimo changu ni cha bure: alfajiri, kabla hujafungua, ingia uchuchumae mpaka pua yako iwe usawa wa pua ya mbuzi. Macho yakikuwasha, yeye amevuta hewa hiyo usiku kucha.

Ukubwa. Jike mmoja anataka mita moja na nusu ya mraba, beberu mita tatu. Banda la mita 4 kwa 3 linawatosha majike watano, chumba cha beberu, na kona ya watoto ya mita moja na nusu ya mraba. Hesabu inaisha hapo hapo, hakuna pa kuongeza wa sita. Ukijua utaongeza, jenga kubwa sasa.

Sakafu. Hapa ndipo pesa iende. Sakafu iwe juu ya ardhi, ya vipande vya mbao vyenye nafasi katikati, kinyesi na mkojo vianguke chini. Fundi wangu alitaka kuiinua nusu mita ili kuokoa mbao.

"Dada, mbuzi si mtu. Nusu mita inamtosha."

"Inamtosha mbuzi, fundi. Lakini mimi ndiye nitakayeingia huko chini na reki."

Tukaenda mita moja na kidogo. Nguzo ni mirunda; ile sehemu inayozama ardhini ipakwe oili chafu mara mbili tatu kwa sababu ya mchwa, au vizuri zaidi isimamishwe juu ya vijiguzo vya zege isiguse udongo kabisa. Juu ya nguzo lala mbao za mbili kwa nne, moja kila nusu mita, kisha pigilia vipande vya mbili kwa mbili kama ngazi iliyobanana.

Nafasi kati ya kipande na kipande iwe sentimita moja na nusu, kama unene wa kidole cha shahada. Ikibana zaidi, mavi hayashuki. Ikitanuka ikafika vidole viwili, kwato zinazama. Usimwachie fundi akadirie kwa macho. Mchongee kijiti cha unene huo, akiweke kati ya kila mbao mbili kabla hajapiga msumari. Mimi banda la kwanza nilitumia mabanzi kwa kuwa ni rahisi, na mabanzi hayajanyooka: huku pamebana, huku pameachama. Asubuhi moja nikakuta kitoto cha siku nne mguu umenasa hadi gotini, kimelia mpaka sauti imekauka. Alipona, lakini mguu haukunyooka tena. Kona ya watoto sasa nimebananisha mbao zaidi, nafasi ya kidole kidogo tu, na natandika nyasi kavu wiki ya kwanza.

Wapo watakaokushauri fito za mikoko kwa sababu haziozi upesi. Ni kweli haziozi upesi. Ni kweli pia kwamba mikoko ni misitu ya hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Achana nazo.

Paa. Makuti yana ubaridi mzuri ila yanazeeka mapema na panya wanayapenda. Bati ni sawa ukiliinua: upande wa chini kabisa usipungue mita mbili kutoka sakafuni, na upenu utokeze karibu sentimita 70 kila upande ili mvua ya kupiga pembeni isifike ndani. Chimba mfereji kuzunguka banda upeleke maji mbali.

Hori. Usiweke chakula ndani sakafuni. Mbuzi akishakanyaga jani au kulikojolea halili tena, atalala njaa akiliangalia. Hori likae nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa kupitia matundu, kila mmoja apate upana wa sentimita 35 hadi 40 ili wababe wasiwanyime wanyonge. Ndoo ya maji nayo iwe nje ya tundu lake, imefungwa isipinduke. Chumvi ya kulamba, lile jiwe linalouzwa maduka ya pembejeo za mifugo, ning'iniza mahali pasipofikiwa na mvua.

Mlango uwe na kufuli. Sihitaji kueleza kwa nini. Na mbwa wa mtaani wawili wanatosha kumaliza watoto wote kwa usiku mmoja, kwa hiyo ngazi ya kupandia iwe ya kuondolewa jioni.

Hatua ya 3: Nunua ukiwa na macho

Mnada wa Pugu una mbuzi wa kila aina, na kwa kuchinja ni mahali pazuri. Kwa kufuga siupendi. Mbuzi wa pale amesafiri kwenye lori kutoka bara, amebanana na wenzake kutoka zizi zisizohesabika, na ukimleta nyumbani unaleta pia alichoambukizwa njiani. Nunua kwa mfugaji ambaye unaweza kuingia bandani kwake ukaona mama yake mbuzi, ikiwezekana aliyekwisha kufuga hapa hapa pwani miaka kadhaa.

Aina gani? Anza na wa kienyeji au chotara wake na Boer, yule mbuzi wa nyama wa asili ya Afrika Kusini. Wa kienyeji ni mdogo, jike huishia kilo 25 hadi 30, lakini amezoea shida. Boer halisi dume linaweza kupita kilo 100, na linakula kama lilivyo. Mbuzi wa maziwa kama Saanen, Toggenburg na wale wa asili ya Norwei waliozoeleka milima ya Mgeta kule Morogoro ni wazuri, ila Mgeta kuna baridi na Dar hakuna. Ukiwataka, chukua chotara, na Saanen mweupe mpatie kivuli maana ngozi yake inaungua na jua.

Kabla ya kutoa pesa, mfungue mdomo. Meno ya mbele ya chini yakiwa madogo yote, hajafika mwaka. Mawili makubwa katikati ni wa mwaka na kitu, manne ni kama miaka miwili, sita mitatu, manane yamejaa. Jike wa kuanzia achukuliwe mwenye mawili au manne. Tazama chini ya mkia: pakiwa pamegandamana kinyesi, anahara. Minya kiwele taratibu, kiwe laini pande zote mbili, chuchu mbili tu. Mfanye akimbie kidogo. Akikohoa, mshukuru mwenyewe na uondoke.

Msafirishe kwenye kirikuu akiwa amesimama, si kwa bodaboda amefungwa miguu minne kichwa kinaning'inia, na kama mnatoka wilaya nyingine afisa mifugo wa huko ndiye anayetoa kibali cha kusafirisha. Akifika, akae peke yake siku 21, mbali na wengine, ndoo yake, hori lake. Siku hizo zinachosha, na kila mtu hutaka kuzikata. Usizikate.

Hatua ya 4: Lisha majani, chunga matumbo

Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kwa mitaa yetu, ndani ya urefu huo kuna majani robo na takataka robo tatu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vifuko vya karanga na ubuyu bado viko kila kona, na vikiwa na chumvichumvi mbuzi hatofautishi. Jike wangu mmoja alikonda huku anakula. Tulipomchinja tukakuta tumboni fundo la plastiki kama dafu dogo, limekazana, harufu yake siwezi kuieleza. Tangu siku hiyo sifungi mbuzi kamba nje. Wanakula bandani na kwenye kiuga chenye uzio, ninachokiokota takataka kila asubuhi.

Jike wa kilo 30 anataka kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, sawa na kilo nne hadi tano za majani mabichi. Kundi lako dogo linakula kama kilo 30 za majani kila siku ya Mungu, viroba viwili vikubwa vilivyoshindiliwa. Ndiyo maana nasema panda chakula kabla ya mbuzi. Uzio wangu wote ni lusina na mlonge; nakata usawa wa kiuno kila baada ya wiki sita hadi nane, zinachipua. Lusina ina protini nyingi lakini ina sumu yake kidogo, isizidi theluthi ya mlo. Zilizobaki ni mabingobingo, matembele, majani ya miembe kidogo.

Mji nao unalisha, ukijua pa kupita. Wachoma mahindi wanatupa maganda mabichi ya mahindi kila jioni. Soko la Mabibo lina maganda na majani ya migomba mpaka yanaziba njia. Mama lishe wana machicha ya nazi, mazuri sana yakiwa ya siku hiyo hiyo, yakishachacha mwaga. Maganda ya mihogo yaanike juani mpaka yakauke ndipo uwape, maana mabichi, hasa ya mihogo michungu, yana sumu inayoua haraka. Majani ya mparachichi usiwape kabisa.

Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti ni nyongeza, si chakula. Jike anayenyonyesha au aliye miezi miwili ya mwisho ya mimba apate gramu 300 hadi 400 kwa siku, na aanzishwe kwa konzi moja akiongezewa taratibu kwa wiki nzima. Tumbo la mbuzi linafanya kazi kwa vijidudu vilivyozoea majani, na wanga mwingi kwa mkupuo huligeuza kuwa siki. Mwaka fulani jirani yangu mwema, baada ya shughuli ya harusi, aliwamwagia mbuzi wangu sinia mbili za ukoko wa pilau nikiwa sipo. Jioni mmoja alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, anasaga meno, tumbo linacheza maji. Alfajiri alikuwa amekufa. Sikuweza kumlaumu mama wa watu, alidhani anafanya wema. Sasa kuna kufuli hata kwenye kiuga.

Tumbo likijaa gesi, ubavu wa kushoto huvimba na ukiugonga unalia kama ngoma. Mnyweshe mafuta ya kupikia kama mililita 100, polepole, kupitia pembeni mwa mdomo, kichwa kikiwa usawa na si kuinuliwa juu, la sivyo mafuta yanaingia mapafuni. Mtembeze, na piga simu.

Usiwape majani yenye umande. Kata baada ya saa nne, jua likishapanda, na kwa nyasi kata kuanzia shibiri moja juu ya ardhi. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye nyasi mbichi zilizolowa na hukaa sehemu ya chini. Wakati wa masika, nikikata leo nayaacha chini ya upenu yanyauke, nawapa kesho.

Hatua ya 5: Kila siku

Asubuhi nafungua, nawatazama wakishuka ngazi. Anayeshuka wa mwisho leo na jana alikuwa wa kwanza, namshika huyo. Nabadilisha maji, si kuongeza juu ya ya jana. Jike anayenyonyesha wakati wa joto anaweza kumaliza lita saba nane. Kila siku ya pili au tatu reki inaingia chini ya banda, samadi inakwenda kwenye viroba.

Jioni, wakiwa wamelala, ni saa yao ya kucheua. Kaa dakika tano uhesabu taya. Mbuzi asiyecheua jioni ni mgonjwa hata kama hajasema. Kuwa na kipimajoto cha njia ya haja kubwa: joto la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, mchana wa jua kali hupanda kidogo zaidi, lakini ukiona 40.5 alfajiri hiyo ni homa.

Kwato hukua haraka kwa sababu mbuzi wa bandani hatembei kwenye mawe. Zikate kila wiki sita hadi nane kwa mkasi wake au kisu kikali, mpaka chini pawe sambamba. Simama ukiona rangi ya waridi inaanza.

Hatua ya 6: Minyoo na chanjo

Minyoo ndiyo iliyoniulia wale watatu wa mwanzo, sikujua. Kuna mmoja anayekaa kwenye tumbo la nne na kunyonya damu. Hahararishi sana, anakausha tu. Kumgundua hakuhitaji maabara. Mshike mbuzi, mbonyeze kope la juu taratibu, vuta la chini, tazama nyama ya ndani. Nyekundu au waridi iliyokolea, mwache. Waridi iliyofifia, mtilie shaka. Nyeupe kama karatasi, anahitaji dawa leo, na kama ana uvimbe laini chini ya taya ujue umechelewa kidogo. Masika na vuli fanya hivi kila wiki mbili, kiangazi kila mwezi.

Wape dawa wanaohitaji. Ile tabia ya kuwanywesha wote kila mwezi inafundisha minyoo kuizoea dawa. Na kipimo kiende kwa uzito: mizani ya kuning'iniza ile ya kupimia mkaa inafanya kazi vizuri kwa mbuzi aliye kwenye kiroba chenye matundu ya miguu. Dozi ndogo ni mbaya kuliko kutompa. Mwulize daktari wa mifugo kipimo cha mbuzi, si cha kondoo, kwa sababu mbuzi huhitaji zaidi kwa baadhi ya dawa. Albendazole usimpe jike aliyepandwa ndani ya mwezi huo. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kula nyama.

Chanjo mbili ambazo singekosa. Ya kwanza ni ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008 ukianzia kaskazini. Dalili zake ni homa, machozi, makamasi mazito, vidonda mdomoni na kuhara, na hauna dawa ya kuua virusi vyake. Chanjo moja, kuanzia umri wa miezi minne hivi, hulinda kama miaka mitatu. Ya pili ni ya homa ya mapafu ya mbuzi, hii hurudiwa kila mwaka. Chanjo husafiri kwenye barafu. Ukiona imekuja mfukoni mwa suruali, usilipe.

Mbuzi akifa ghafla bila kuugua, na damu isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimpasue, usimle, usimpe mbwa. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Mpigie afisa mifugo. Kwa vifo vingine visivyoeleweka, Wakala ya Maabara ya Veterinari iko Temeke, kile kituo cha daladala kinachoitwa Veterinari kimepata jina huko. Kupima kinyesi au mzoga kunakuokoa kubahatisha dawa za kila duka.

Hatua ya 7: Kupandisha na kuzalisha

Jike huingia joto kila siku 18 hadi 21, na joto lenyewe hudumu kama siku moja hadi moja na nusu: anatikisa mkia, analia, anawapanda wenzake. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano, na hilo ni balaa maana mwenyewe bado mtoto. Subiri afike miezi 10 hadi 12. Kwa hiyo madume watenganishwe wakiwa na miezi mitatu na nusu, wasije wakawapanda dada zao, na beberu wa banda abadilishwe kabla binti zake hawajakomaa. Badilishana na mfugaji mwingine, hakuna haja ya kununua.

Mimba ni siku 150. Andika tarehe ya kupandwa ukutani kwa chaki, ongeza miezi mitano. Zikikaribia, kiwele kinajaa na kung'aa, na mashimo yanatokea pande mbili za shina la mkia. Atajitenga, atakwangua sakafu. Mpe nafasi. Kawaida hutangulia miguu miwili ya mbele na pua imelalia juu yake. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hadi saa nzima na hakuna kinachoendelea, usivute kwa kubahatisha, ita mtu anayejua. Yeyote atakayeingiza mkono avae glovu, na vivyo hivyo kwa mimba iliyoharibika: kuna magonjwa ya kutupa mimba yanayoingia kwa binadamu. Kwa sababu hiyo hiyo maziwa yachemshwe, hata kama bibi yako aliyanywa mabichi miaka themanini.

Mtoto akitoka, futa pua na mdomo, acha mama amlambe. Kitovu kichovye kwenye aidini. Kisha anyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ndani ya saa ya kwanza, na asizidishe saa sita bila kushiba, kwa sababu kinga yote anaipata humo na baada ya hapo utumbo huanza kujifunga. Asiyeweza kusimama, kamua umnyweshe kwa chupa. Kondo litoke ndani ya saa 12. Lizike mbwa wasilifukue. Mtoto wa mvua ya Aprili akaushwe kwa taulo, aangaliwe usiku wa kwanza. Maziwa aachishwe akiwa na miezi mitatu hadi minne.

Hatua ya 8: Kuuza

Samadi inauzika kabla ya mbuzi. Wakulima wa mchicha na matembele wanakuja wenyewe na mkokoteni wakishajua unayo, mradi iwe kavu na haijachanganyika na mchanga.

Mbuzi wenyewe, soko ni Idi ya kuchinja, na mwaka mzima kuna akika: wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Idi husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Mnunuzi wa kurubani hataki chongo, kilema, mgonjwa wala aliyekonda, na umri ana kipimo chake: wapo wanaoridhika na aliyetimiza mwaka, wapo wanaoshika miaka miwili. Muulize mapema, kisha mfungulie mdomo wa mbuzi mbele yake aone meno mwenyewe. Dume la kuhasiwa lihasiwe na mtaalamu kwa koleo likiwa na miezi mitatu, lakini mteja wa Idi muulize kwanza kama anamtaka mzima.

Uza nyumbani, kwa uzito ukiweza, wiki mbili kabla na si usiku wa kuamkia sikukuu, maana usiku ule wauzaji wote wa jiji wamechoka na wanataka kurudi kwao. Mnunuzi aje na kamba yake. Kamba zangu za katani nimezisuka mwenyewe, na kila Idi nilikuwa nabaki na ndoano tupu ukutani.